Kibaraza Upande wa Jua la Alasiri

Kila siku ya Mungu, ikigonga saa tisa alasiri, bibi mmoja alitoka chumbani na kigoda chake. Alikaa mlangoni, kitambaa kibichi kichwani, mdomo wazi kama kuku aliyekimbizwa. Chumba walichopanga yeye na mwanawe kilikuwa cha bati tupu, hakina dari. Jua likishainama kuelekea magharibi, ndani hapakaliki.

"Mama, umekunywa maji?" mwanawe aliuliza aliporudi kazini.

"Nimekunywa mpaka najiona mtungi," bibi alijibu. "Maji si shida, mwanangu. Shida ni pumzi."

Daktari alikwisha sema wazi. Moyo wa bibi umechoka, na joto la chumba kile linaumaliza. Atolewe humo kabla ya msimu wa joto kali. Msimu huo ulibakiza miezi mitano.

Mwanawe alikuwa mwashi. Watu walimwita Fundi Timazi, kwa sababu kuta zake zilinyooka kama uzi wa timazi, ile kamba yenye uzito ambayo waashi hupimia ukuta. Kwa miaka thelathini alijenga nyumba za watu. Sasa ilikuwa zamu yake. Kiwanja alikuwa nacho. Matofali alikuwa nayo. Mtaro wa msingi alikwisha uchimba. Kilichobaki ni kibali cha halmashauri.

"Kibali ni karatasi tu," alimwambia mkewe. "Mimi nimejenga nusu ya mji huu. Watanikatalia nini?"

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Hakuinua macho kwenye sindano.

"Mimi sikati kitambaa kabla ya kumpima mtu," alisema. "Wewe umeshachimba."

Alhamisi barua ya halmashauri ikaja. Fundi aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Ramani aliyopeleka haikukubaliwa. Halmashauri ilikuwa inabadilisha kanuni za ujenzi, na ramani zote zilikuwa zimeanza kupimwa kwa rasimu ya kanuni mpya. Kila nyumba mpya ijengwe kwa namna ambayo haitahitaji umeme mwingi wa kuipoza. Ramani yake ilikuwa na madirisha makubwa mbele, yanayotazama jua la alasiri, bila kivuli. Airekebishe, ailete tena.

"Madirisha!" fundi alifoka. "Moyo wa mtu umekufa nusu, wao wanasoma madirisha!"

Akavaa shati safi, akaenda.

Katika ofisi ya mipango miji, ramani zilikuwa zimeviringishwa na kupangwa hadi karibu na dari. Katikati yake aliketi ofisa, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake, kalamu nyuma ya sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, wewe umewahi kushika mwiko?"

"Wa jikoni tu, mzee wangu. Wa uashi nawaachia wenyewe."

Fundi alitaka kununa, lakini kicheko kikamponyoka. Akaketi.

"Sikiliza," alisema. "Hii ramani ni ya nyumba ya mfamasia. Niliijenga mimi. Hakuna nyumba nzuri kama ile mtaani. Ukiingia na jua lako kichwani, unapoa kama umeingia chini ya mti. Kwake ni nzuri, kwangu ni mbaya. Kwa nini?"

Ofisa aliitazama ramani, kisha akamtazama fundi.

"Mfamasia yuko upande gani wa barabara?"

"Ng'ambo. Mimi niko upande huu, jirani na mama wa duka la simu. Naye nilimjengea kwa ramani hiihii."

Ofisa alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Akachukua kofia yake.

"Twende tukaone," alisema.

Kwa mfamasia walikaribishwa sebuleni. Ndani mlikuwa na ubaridi mtamu. Feni ilikuwa imezimwa. Ofisa alimwomba fundi aweke kiganja ukutani.

"Ukuta umepoa," fundi alisema kwa fahari. "Si nilikwambia?"

Wakavuka barabara. Kabla hawajapiga hodi walisikia kiyoyozi kikinguruma kama lori linalopanda mlima. Mama wa duka la simu alifungua mlango, jasho likimtoka.

"Eh, fundi! Leo umekuja kuangalia tanuri lako?"

"Tanuri gani?"

"Hili ulilonijengea! Pita, uokwe."

Waliingia. Kwenye madirisha makubwa ya mbele yalikuwa yametundikwa mablanketi. Fundi aliyaona kila siku akipita barabarani. Alidhani mama yule anapenda mapazia mazito.

"Nani apende blanketi dirishani?" mama alisema. "Nisipoyaweka, jua linakuja kukaa nami kwenye kochi. Mashine inawaka tangu saa sita mpaka jua lizame."

"Mbona hukuniambia, dada yangu?"

"Nikwambie nini? Wewe mwenyewe ulisema hii ndiyo nyumba bora mjini. Nikajua mbovu ni mimi."

Fundi aliweka kiganja ukutani. Akakiondoa upesi. Ukuta ulikuwa unachoma kama sufuria.

Alitoka nje, akasimama katikati ya barabara. Akatazama nyumba ya huku, akatazama nyumba ya ng'ambo. Ramani moja. Matofali mamoja. Mkono mmoja. Lakini mji mzima ulikuwa na desturi: lazima nyumba itazame barabara. Nyumba iliyoipa barabara kisogo ilichekwa. Kwa hiyo sebule ya mfamasia ilitazama mashariki, ikapata jua la asubuhi ambalo ni pole. Sebule ya mama wa duka la simu ilitazama magharibi, ikapokea jua la alasiri usoni, bila kofia.

"Yangu ingekuwa hivihivi," alisema polepole. "Na mama yangu ndani."

Ofisa hakumcheka.

"Sasa nieleze kitu kimoja," fundi alimwambia. "Umeme ni wake na mashine ni yake. Halmashauri inaumia wapi?"

"Umeme wa mji wetu unatoka kwenye mitambo inayochoma mafuta, mzee. Mafuta yakichomwa, hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo inapanda na kukaa juu miaka mingi, inazuia joto lisitoke. Dunia inazidi kupata joto. Joto likizidi, watu wanawasha mashine zaidi. Mashine zikizidi, mafuta yanachomwa zaidi."

"Basi tunakuna kidonda," fundi alisema. "Ukikikuna kinawasha, kikiwasha unakikuna."

"Umesema vizuri kuliko mimi. Na nyumba inaishi miaka hamsini. Dirisha tukilikosea leo, wajukuu watawasha mashine kwa kosa letu. Ndiyo maana tunataka kulirekebisha kwenye ramani, kabla halijawa ukuta."

Walikwenda kwenye kiwanja chake. Fundi alichuchumaa kando ya mtaro.

"Niambie ukweli. Nifukie?"

"Usifukie hata chembe. Msingi wako hauna kosa."

Fundi alishusha pumzi. Ofisa akaokota kijiti, akachora mchangani. Madirisha makubwa yahamie pande mbili za nyumba, kaskazini na kusini, yakabiliane.

"Upepo ni kama mgeni mwenye haraka," alisema. "Ukimwonyesha pa kuingia usimwonyeshe pa kutokea, anapita zake."

Chini ya paa paachwe matundu, joto lipate njia. Dari iwekwe. Bati lipakwe rangi nyeupe, lirudishe jua lilikotoka. Na mbele, upande wa barabara, pawe na kibaraza chenye paa, upana mita moja na nusu, ili jua lisiuguse ukuta.

"Na uso wa nyumba?" fundi aliuliza. "Watu watasema nimewapa kisogo."

"Kibaraza ndicho uso. Utakaa hapo uwasalimie wapita njia mpaka uchoke."

Fundi alicheka. Akatoa futi yake ya kupimia, akaivuta kutoka msingini hadi mpaka wa kiwanja. Kicheko kikakatika.

"Binti, kibaraza hakiwezekani. Kanuni ya zamani inasema mita tatu za mbele zisijengwe kitu. Msingi wangu umeanzia mita tatu kamili."

Ofisa alitoa kitabu cha kanuni mkobani. Alisoma, akarudia, akakifunga.

"Ni kweli," alisema. "Kanuni mpya inataka kivuli. Ya zamani inakikataza."

"Kwa hiyo mkono mmoja unanivisha shati, mwingine unanivua!"

"Siwezi kukupa kibali kwa kufumba macho, mzee. Lakini kanuni hazikushuka na mvua. Zimeandikwa na watu. Jumatatu baraza la madiwani linasikiliza maoni kabla ya kuzipitisha. Njoo useme."

"Mimi? Shule nimeisoma kwa vipande vipande."

"Njoo na futi yako. Madiwani wengi hawajawahi kulipima joto kwa kiganja."

Jumamosi, saa tisa ileile, bibi alianguka kutoka kwenye kigoda chake. Majirani walimmwagia maji na kumpepea kwa mfuniko wa ndoo. Alipofumbua macho alisema, "Msinililie, sijaenda popote." Wakacheka, lakini fundi hakucheka. Siku ile hakula.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Fundi alisimama mbele ya madiwani, kofia mkononi.  Akaona ni afadhali aseme kama anavyosema na vibarua wake.

"Waheshimiwa, mimi nimekosea nyumba ya jirani yangu. Nilichukua ramani ya upande ule wa barabara nikaijenga upande huu. Kanuni yenu mpya imenizuia nisikosee na ya mama yangu. Kwa hilo asanteni. Lakini viwanja vyetu ni vidogo. Mkitaka tuweke kivuli, tupeni pa kukiweka."

Mama wa duka la simu aliinuka bila kuitwa.

"Anayesema hivyo ndiye aliyejenga tanuri! Mimi ndiye mkate!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti aligonga meza.

"Fundi, nawajua watu wetu," alisema. "Leo nikikuruhusu kibaraza, kesho utakiziba kwa ukuta. Kesho kutwa ni duka. Mwezi ujao gari la zimamoto halipiti."

Hilo lilikuwa neno la haki.  Fundi mwenyewe aliwahi kuziba vibaraza vinne vya watu.

"Basi andikeni hivyo," alisema. "Nguzo na paa tu. Ukuta marufuku. Mita moja na nusu, isizidi hata kidole. Mtu akiziba, mvunje. Hata nikiwa mimi."

Madiwani waliteta. Ofisa alisimama akaeleza kwamba mita moja na nusu itakayobaki, pamoja na barabara, inatosha gari la zimamoto kupita. Kisha mwenyekiti akaomba mikono. Ilinyooka mmoja mmoja, kama watoto wasio na hakika ya jibu. Fundi alihesabu midomo ikitembea. Ilikuwa mikono kumi na mmoja, kati ya madiwani kumi na wanne.

Akarudi nyuma bila kutazama. Akaketi palipokuwa karibu, na palipokuwa karibu ni mapajani pa mama wa duka la simu.

"Fundi, nyumba umeikosea, na kiti pia!" mama alisema.

Wiki iliyofuata ramani mpya iligongwa muhuri. Fundi alijenga kama mtu anayekimbizana na mvua. Mkewe alipima mwenyewe urefu wa paa la kibaraza, akisema kazi ya mafundi wawili haiharibiki. Msimu wa joto kali ulipoingia, walikuwa na siku tisa tangu wahamie.

Katika siku ya kwanza ya joto lile, fundi aliondoka kazini mapema. Mji ulikuwa unawaka. Alimkuta mama wa duka la simu anamngoja barabarani.

"Na mimi nataka kibaraza kama chako," alisema kwa sauti kubwa. "Anza leo!"

"Kwanza ramani, dada yangu. Halafu kibali. Halafu mimi."

Mkewe alitokeza kichwa dirishani, kidole mdomoni. "Nyie! Punguzeni sauti."

"Kuna nini? Mama yuko wapi?"

Mkewe alimwonyesha kwa kidevu. Fundi alichungulia ndani. Hapakuwa na feni wala mashine. Upepo uliingia dirisha la kusini ukatokea la kaskazini. Mama yake alikuwa kitandani, kafunga mdomo, anapumua taratibu. Ilikuwa saa tisa na robo, na bibi alikuwa amelala usingizi.

Fundi Timazi alivua viatu kizingitini, akapita kwa ncha za vidole.