Bendera za Safu ya Juu

Kila mwaka, kabla ya Siku ya Kuwakumbuka Askari, darasa la Mwalimu Tveit lilikwenda makaburini kuchomeka bendera ndogo kwenye makaburi ya wanajeshi. Arlys, aliyehamia mjini mwaka huo, alipewa safu ya juu, kule kilimani. Jua lilikuwa kali, na wenzake wa chini walishamaliza, wanacheza mpira. Akazificha bendera zake chini ya koti, kwenye kikapu cha baiskeli.

"Umemaliza?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Zote."

Jumatatu, siku yenyewe ya kumbukumbu, mji mzima ulikusanyika langoni mwa makaburi, bendi ikiwa tayari. Walimngoja Mheshimiwa Quist. Mzee huyo alipoteza mguu katika Vita vya Korea, akarudi akawa diwani, kisha meya, na sasa alikuwa seneta wa jimbo. Daraja la mto na zahanati ni yeye aliyevipigania. Arlys alikuwa hajawahi kumwona mtu mkubwa kiasi hicho kwa karibu.

Lakini Mheshimiwa hakwenda jukwaani. Alishika fimbo, akaanza kupanda kilima.

"Anakwenda wapi?" Arlys alinong'ona.

"Safu ya juu," alijibu rafiki yake Ronda. "Kila mwaka huanzia huko."

Arlys alikuwa akiutazama ule mguu wa bandia ukiburutwa hatua kwa hatua. Aibu ikamshika. Akachukua bendera kwenye kikapu cha baiskeli yake pale langoni, akakimbia kilimani.

Alimkuta Mheshimiwa amesimama mbele ya makaburi matupu, kofia mkononi.

"Nadhani upepo umezipeperusha," mzee alisema.

Arlys angeweza kuitikia tu, yakaisha.

"Si upepo, Mheshimiwa. Ni mimi. Sikuzichomeka, halafu nikamdanganya Mwalimu."

"Goti langu hili halikunjiki," mzee alisema. "Piga magoti wewe. Mimi nitakutajia majina."

Akayataja yote bila kuangalia jiwe hata moja: huyu alikuwa fundi viatu, yule alipenda kuimba, huyu hakufikisha miaka ishirini. Wengine walikufa kabla hata mzee mwenyewe hajazaliwa. Arlys alichomeka bendera kwa kila jina. Kule chini bendi iliendelea kungoja, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Hawa ni ndugu zako, Mheshimiwa?"

"Hapana. Hawana ndugu mjini hapa, wala hakuna hata mmoja wa kunipigia kura. Ndiyo maana naanza kwao."

Akavaa kofia, akauegemeza mkono wake kwenye bega la Arlys.

"Kudanganya umedanganya, na Mwalimu wako utamwambia mwenyewe. Lakini upepo nilikupa, ukaukataa. Hilo nimeliona. Sasa na wewe unitazame mimi. Siku ukiniona nimekwenda jukwaani kabla ya kufika hapa, ukiwa mkubwa usinipe kura yako."