Mama wa Kiingereza

Diana aliisukuma sahani ya ugali na samaki wa furu, akamtazama mama yake kama mgeni aliyekataa kuaga.

"Sikutaki wewe. Niitie yule mama mwingine."

Jenipher alicheka. Mtoto wa miaka minne hakosi maneno. "Mama gani tena, we Diana?"

"Mama wa Kiingereza. Yeye hanigombezagi."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Kama Diana naye alikuwa amemwona, basi yule mtu alikuwepo kweli.

Jenipher alikuwa mkalimani wa wageni wanaokuja kuzunguka mkoa wa Mara, na nyumbani kwake Mwisenge Kiingereza kilikuwa amri. Mumewe, Prosper, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha pamba Bunda na kurudi mwisho wa wiki, alikwisha kutangaza kwamba Kizanaki, lugha ya kwao Jenipher, kingemchelewesha mtoto. Prosper mwenyewe alikijua Kiingereza cha kuombea maji ya kunywa, lakini amri aliitoa kama mkaguzi wa shule.

Tangu zamani, Jenipher alipozungumza lugha hiyo alijihisi amesogea pembeni kidogo. Maneno yalitoka sawasawa, wageni walicheka penye kucheka, ila mikono iliyokuwa ikionyesha njia ilionekana ya mtu mwingine, na sauti yake aliisikia ikitokea mbele yake. Alipomweleza mwenzake kazini aliambiwa ni uchovu. Akazoea. Lakini tangu mwezi ule alipowapeleka wageni Butiama, pale pembeni palikuwa mbali zaidi, na nafasi aliyoiacha ilikuwa na mtu.

Siku ileile ya sahani alijaribu. Jua lilikuwa utosini, na jirani alikuwa akifua huku redio yake ikiimba. Jenipher alimwambia Diana kwa Kiingereza aje anawe mikono. Basi, hayo tu. Hapo harufu ikaja, ya maziwa yaliyochachia juu ya jiwe lenye moto wa jua, na Jenipher akajikuta amesimama mlangoni, akiutazama mgongo wake mwenyewe ukiinama, mikono yake ikimnyanyua mtoto, na mdomo ambao hakuuamuru ukiendelea kusema taratibu, kwa Kiingereza kizuri kuliko alichopata kukijua, kwamba karibuni watakwenda kukaa mahali pasipo jua wala kelele, wao wawili tu, na mama mwenye hasira hatakuja, na Diana, shavu lake likiwa limelala begani, akaitikia ndiyo.

Alirudi mwilini kwa kuliita kwa ukelele jina la marehemu mama yake, kwa Kizanaki. Diana alipoona ni yeye, alimuuma mkono.

Kesho yake walipanda gari kwenda Butiama, kwa mjomba wake Isidori. Isidori hakukosa misa hata Jumapili moja, na ndiye pia aliyelitunza jiwe la ukoo, akilipelekea maziwa na unga wa ulezi. Hakuona ugomvi kati ya hayo mawili. Mwezi uliopita aliwaruhusu wageni wa Jenipher kumtazama akiwaomba mizimu wa ukoo hapo kwenye jiwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi?"

Jenipher alimweleza kwa kunong'ona, mtoto akicheza uani. Kabla hajamaliza, Isidori akamkatiza.

"Siku ile nikiomba, ulikuwaga unawaambia nini wale wazungu?"

"Maneno yako."

"Kwamba mjomba anasema hivi na hivi?"

"Hapana. Mkalimani hasemagi 'yeye anasema.' Anasema vilevile kama mwenyewe. 'Ingia nyumbani kwangu. Kula. Kaa na watoto wangu.'"

"Ulikuwa umelielekea jiwe?"

"Ndiyo."

"Na maziwa yanamwagika?"

"Ndiyo, mjomba."

Isidori alijishika kichwa. "Wa kwetu hawajui Kiingereza, Jenipher. Nilipoita mimi, waliitika wao. Ulipoita wewe..." Alitazama uani, akashusha sauti. "Aliyeelewa ndiye aliyekuja."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Waliosema hivyo hawakupata mgeni wa aina hii.

"Mfukuze, mjomba. Anamtaka mwanangu."

"Nimfukuze kwa lugha gani? Aliyemkaribisha ndiye anayemtoa, kwa lugha ileile. Utamwambia atoke kwako, akuachie mtoto. Halafu unasukutua na maziwa, imekwisha."

"Mjomba, nikisema Kiingereza, si mimi ninayesema."

"Mdomo si wako?" Isidori alisema kwa upole, akachukua kibuyu.

Walifika kwenye jiwe jua likiwa bado kali. Isidori alimwaga maziwa, akanyunyiza ulezi, akamwashiria. Jenipher aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akaubana mkono wa Diana, akayapanga maneno kichwani, akafungua mdomo, na neno la kwanza halijaisha harufu ikampanda puani na akasogea, safari hii si pembeni bali nyuma, nyuma, nyuma hadi mgongo wake ukagusa ubaridi na ubaridi ukampokea, jiwe likajifunga mbele yake kama maji, na kutoka humo ndani akausikia mdomo wake ukitamka kwa Kiingereza, wazi na kwa adabu: kaa, nyumba ni yako, mtoto ni wako.

Isidori, asiyejua neno hata moja, aliitikia kwa kichwa. Akampa kibuyu. Yule mwanamke alisukutua, akatema, akajifuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, mjomba. Asante," alijibu, kwa Kizanaki kisicho na doa.

Jenipher alipiga kelele kwa lugha zote alizozijua, lakini hakuwa na mdomo. Wakaanza kuteremka. Diana alikuwa amebebwa, ametulia, kidevu begani, akitazama walikotoka. Macho yake yalilipekua jiwe taratibu mpaka yakamwona mama yake, naye akatabasamu, akampungia mkono wa kwaheri.