Kaka Yangu Alinitafuta Kwenye Mstari Wake

Naitwa Mama Deo, nina miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wanne, mkulima wa mpunga hapa Kibaoni, mkoani Katavi. Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu. Msinionee huruma... sistahili!

Kaka yangu Fidelis ndiye aliyenilea. Wazazi walifariki nikiwa darasa la nne, yeye akiwa kijana ambaye ndevu hazijaota vizuri. Aliacha mipango yake ya kwenda kuvua Karema, akabaki kulima majaruba ya mpunga ya baba ili mimi nile, nivae, nisome. Nilipoolewa na baadaye kuachika na watoto wangu wanne, hakuniuliza swali hata moja. Alinimegea nusu ya majaruba yale. Na kila msimu mvua zikianza alikuja na ng'ombe wake na plau, akalima kwangu kwanza, kwake baadaye.

Alikuwa na ulimi mkali, sikatai. Akinikuta nimechelewa kupandikiza miche alinisema mbele za watu mpaka natamani ardhi ipasuke. Lakini alikuwa kaka!

Halafu kulikuwa na Mama Juli. Huyu alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Alimsimamia binti yangu ubatizo, tulishona sare za vitenge pamoja, na hakuna siri yangu asiyoijua. Nilimwambia kila kitu... kila kitu!

Mwaka ule tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa mfereji. Mashamba yetu yanapata maji kwa zamu, na anayepanga zamu ni mwenyekiti. Akikusahau wiki mbili wakati mpunga unatoa masuke, umekwisha. Kaka aligombea. Mama Juli naye akagombea.

Mimi nilikuwa kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisani, na akina mama walinisikiliza sana. Nikisema leo tukavune kwa mgonjwa, tunakwenda wote. Kaka hakuja kuniomba kura. Angeanzaje kumwomba kura mtu aliyemlea mwenyewe? Mama Juli alikuja kila jioni.

Siku moja alikaa jikoni kwangu, akashusha sauti. Akaniambia amesikia kwa watu wa uhakika kwamba Fidelis akishapata uenyekiti atanipokonya majaruba yangu, maana eti mtoto wa kike hana urithi kwa baba yake. "Mwenzangu, nakwambia kwa sababu nakupenda," alisema. "Nyie akina mama wa hapa mtagawiwa maji na wanaume mpaka lini?"

Nilichemka! Nyumba ya kaka iko jirani kabisa, nikikaanga vitunguu kwangu wanasikia harufu kwao. Je, nilikwenda kumuuliza? Sikwenda. Nilikumbuka kila neno kali alilowahi kunirushia, nikaliunganisha na la Mama Juli, nikaona ushahidi umetimia.

Siku ya uchaguzi tulikusanyika uwanjani. Kwetu kura ya mfereji haipigwi kwa karatasi. Wagombea wanasimama mbele wakiwa wametugeuzia mgongo, kila mtu anapanga mstari nyuma ya anayemtaka, kisha watu wanahesabiwa. Mstari wa kaka ulikuwa mrefu. Akina mama wa jumuiya walikuwa bado wamesimama pembeni, wananiangalia mimi. Nilijifunga kanga vizuri, nikatembea kichwa juu mpaka nyuma ya Mama Juli. Wote wakanifuata...

Msimamizi akawaambia wagombea wageuke. Jamani! Kaka aligeuka, na kabla ya kuhesabu chochote alinitafuta kwa macho kwenye mstari wake. Alianza mbele, akaenda mpaka mwisho, akarudia tena. Ndipo akaniona nilipo. Alishindwa kwa watu wachache tu, na wachache hao niliwapeleka mimi.

Toka siku ile hakunisemesha. Kanisani alikaa upande mwingine. Karanga nilizowapelekea zilirudishwa kwangu vilevile zilivyofungwa. Alimwambia mkewe kwamba dada yake alimwacha palepale uwanjani. Nami nikajifanya shujaa, nikasema aninunie tu, roho yake sasa imejulikana.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja nikasikia mtu anaswaga ng'ombe shambani kwangu. Nikaenda mbio. Alikuwa yeye, analima majaruba yangu kwanza, kama kila mwaka... Anayetaka kukunyang'anya shamba, atalilima kabla ya lake? Nilikimbia nyumbani kuchukua togwa, nikaiweka juu ya tuta karibu naye. Alimaliza kulima, akapita na ng'ombe wake pembeni ya ile togwa bila kuitazama. Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga magoti! Nilisimama tu na aibu yangu.

Msimu ule maji yalikwenda kwa wenye mashamba makubwa ya juu, wale waliokuwa wakimsindikiza Mama Juli kila mahali. Zamu yetu ilisogezwa, ikasogezwa tena. Mpunga wangu ulikauka ukiwa na masuke. Wa kaka pia. Nilimfuata Mama Juli, nikamkumbusha yale aliyoniambia jikoni kuhusu kaka. Alicheka! "Mama Deo na wewe! Ile si ilikuwa siasa tu?"

Siasa tu...

Nilitoka pale nimeamua kwenda kwa kaka jioni ileile. Nikaona aibu, nikasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Jumapili nikasikia ameanguka, presha imempanda, amepelekwa Mpanda mjini. Nilimfuata, nikafikia kwa shangazi mtaa wa Makanyagio hukohuko mjini, kila asubuhi nikapika uji na kuupeleka hospitali kwa bodaboda. Alikuwa hawezi kusema tena. Nililia, nikamwambia kaka nisamehe. Akageuza uso ukutani. Sijui alinikatalia, au alikuwa tu amechoka kulala upande mmoja. Sitajua mpaka naingia kaburini! Siku ya nne alifariki.

Wakati wa kuaga mwili watu walipanga mstari, nami nikasimama humo. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa ameketi karibu na jeneza. Akaniambia taratibu, wala hakuwa na hasira, "Leo ndiyo umesimama kwake? Umechelewa, wifi."

Sasa Mama Juli anautaka udiwani. Wiki iliyopita alikuja na kitenge kipya, eti nizungumze na akina mama wangu. Akina mama gani? Mpunga wao nao ulikauka, na uongozi wa jumuiya walishaninyang'anya. Nilimrudishia kitenge chake palepale mlangoni.

Wasomaji wenzangu, mchagueni mnayemtaka hata kama si ndugu yenu, hilo si kosa. Kosa langu ni kumhukumu mtu kwa maneno ya jikoni. Nawasihi, ukiambiwa jambo baya kuhusu mtu wako, vaa kandambili zako uende ukamuulize siku hiyohiyo. Akikutukana, vumilia. Angalau utakuwa umelisikia kutoka kinywani mwake.

Mvua zimeanza tena. Msimu huu nalima kwa jembe la mkono na wanangu. Plau ya kaka imeegemea ukuta kwa wifi, naiona kila nikipita, na sina uso wa kwenda kuiomba.