Boksi Ambalo Fundi Hakulipima

Saa saba mchana, ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilijaa watu waliokwepa jua. Mkunga alijipenyeza hadi kwenye kibanda cha fundi simu, gauni lake la kazi la samawati limepauka mabegani, viatu vyeupe vya mpira miguuni.

"Nipe waya wa chaji, wowote," alisema. "Ule wa kampuni ya simu ni ghali."

"Si lazima uwe wa kampuni. Ila huo 'wowote' ndio unaoua simu." Fundi alimpa nyaya mbili azishike. "Huu una uzito, shingo yake imevikwa mpira, kichwa kinaingia bila kuchezacheza. Huu mwingine mwepesi kama uzi. Waya ukipata moto, utupe."

"Unaongea kama daktari."

"Na wewe unasikiliza kama mgonjwa anayetaka kutoroka."

Mkunga alicheka, akachukua ule mzito, akaacha na namba yake, eti kwa ajili ya dhamana ya waya.

Miezi minne ikapita, simu haziishi.

"Umekula, laazizi?"

"Bado. Kuna mama hapa amegoma kuzaa mpaka mumewe afike."

Jumapili walitembea bustanini, mkunga na gauni la njano, fundi na shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Neno ndoa walilizunguka tu.

Waya ule ulipopotea wodini, fundi alimpa mwingine. "Ni aina ileile, boksi jipya," alisema. Hakuupima.

Asubuhi moja mkunga alitoka zamu, akachomeka simu, akalala. Mdogo wake akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mama yao alipiga mara kumi na moja. Simu ilikuwa imezima. Mdogo mtu alizaa mikononi mwa wageni, akavuja damu nyingi. Alipona, na mtoto pia. Mkunga alipofika alasiri, mdogo wake aligeukia ukuta.

"Watoto wa mji mzima umewapokea, dada. Wangu hukuwepo."

Mkunga alimpigia fundi akiwa koridoni. "Waya wako haukuchaji."

"Labda hukuuchomeka vizuri."

"Mdogo wangu nusura afe, nawe unaniambia sijui kuchomeka waya." Akakata, na kwa wiki tatu hakupokea simu yake.

Fundi alijiambia kwamba mwanamke yule anatafuta wa kumlaumu. Kisha mteja mwingine akarudisha waya wa boksi lile. Fundi aliupasua kwa wembe. Ndani mlikuwa na shaba nyembamba kama unywele. Alizipima nyaya zilizobaki moja moja. Zaidi ya nusu zilikuwa feki, na kwa nje zote zilifanana. Akafunga kibanda siku mbili, akawatafuta wote aliowauzia na kuwabadilishia. Siku ya tatu alikwenda kliniki, akaketi kwenye benchi kati ya wajawazito mpaka mkunga akamaliza.

"Uliuchomeka vizuri," alisema. "Mimi ndiye sikulipima lile boksi, niliamini maandishi ya nje. Nilikujibu vile kwa sababu niliogopa kuwa kosa ni langu."

"Ungesema hivyo siku ile, ningekasirika, halafu ningerudi."

"Na sasa?"

"Sasa mdogo wangu bado ananinunia. Twende ukamwambie mwenyewe."

Walimkuta sebuleni, khanga begani, mtoto kifuani. Fundi alieleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Mdogo mtu alisikiliza, akamgeukia dada yake.

"Kwa hiyo ulikuwa umelala tu, ukijua simu inachaji."

"Nilikuwa nimelala."

Mdogo mtu alishusha pumzi. "Shemeji, hebu nishikie mtoto. Mkono umekufa ganzi."

Fundi alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamgeukia mkunga. "Umesikia nimeitwaje?"

"Nimesikia."

"Nimsahihishe?"

Mkunga alimwekea sawa kiwiko chake chini ya kichwa cha mtoto. "Wewe ndiye uliyeitwa," alisema. "Itika."