Nani Atasimama Getini Saa Tisa

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya nne, saa nne asubuhi, jengo likiwa limechangamka kama soko. Ndani walikuwamo watu sita wamebanana bega kwa bega. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye blauzi ya zambarau na viatu vya chini, amekumbatia boksi dogo kifuani, na ndiye peke yake asiyepiga kelele. Wengine walipiga kelele za kutosha kwa wote.

"Mko wangapi humo?" sauti ya mwanamume ikauliza kutoka juu.

"Sita!" akajibu yule mwanamke. "Sita na meno hamsini na sita!"

"Meno ya nani?"

"Ya watu wanaotaka kula chakula cha mchana, baba. Fanya haraka."

Yule mtu juu akacheka, na kicheko chake kikashuka shimo zima. Alipoupanua mlango, alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya ghorofa ya tano, kavaa ovaroli ya buluu, kidevu kina grisi. Akanyoosha mkono amvute. Mwanamke akampa boksi kwanza.

"Yanang'ata?" fundi akauliza, kalishika kwa mikono miwili.

"Yakichokozwa."

Kesho yake fundi alipanda ghorofa ya tisa kukagua vitufe vya lifti ambavyo hakuna aliyevilalamikia. Kesho kutwa akavikagua tena. Huko ghorofa ya tisa kulikuwa na karakana ya meno ya bandia, na yule mwanamke ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, ndiyo maana walimwita Mama Meno. Wiki mbili zilipopita, simu zikaanza.

"Mama Meno."

"Eeh, Fundi. Leo umekwama wapi?"

"Kwako."

"Shauri yako. Huku hakuna mtu wa kukutoa."

Walipendana hivyo, kwa utani, miezi saba. Mama Meno alikuwa na binti wa miaka saba anayeitwa Kasuku, kwa sababu alianza kuongea kabla hajatembea na tangu hapo hajapumzika. Baba wa mtoto alihamia nchi nyingine na namba yake ya simu ikahama naye. Huyo tumwache huko huko. Fundi alikuwa anakuja Jumapili, anakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, anajibu maswali ya Kasuku. Lifti inaogopa giza? Kamba ikichoka inasema? Alijibu yote bila kuchoka, na mama mtu akiwa jikoni alisikiliza na kutabasamu peke yake. Roho yake ilikuwa imetulia.

Halafu Jumatatu moja Bosi akamwita. Bosi alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mnyororo.

"Hongera. Nimekuchagua uwe mkuu wa zamu ya jioni."

"Jioni kuanzia saa ngapi, Bosi?"

"Saa saba mchana mpaka saa tatu usiku. Jumatatu mpaka Jumamosi."

"Na zamu ya asubuhi?"

"Naifunga. Madaktari wanapima vinywa asubuhi, vipimo vinatufikia mchana, na wanataka meno kesho yake mapema. Asubuhi nimkalishe mtu hapa atazame ukuta?"

"Nikikataa?"

Bosi akaishika miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwanangu, sina pengine pa kukuweka. Nijibu Ijumaa kabla ya saa sita."

Mama Meno akarudi kwenye meza yake. Alikuwa anapanga meno ya mbele kwenye fizi za nta, na lile jino la kati alilipachika likapinda mara tatu. Kwa zamu ya sasa alitoka saa nane na nusu, na saa tisa kamili alikuwa getini mwa shule. Kwa zamu mpya, mtoto anatoka nyumbani saa moja asubuhi, mama anarudi saa nne usiku. Watabaki na saa moja ya asubuhi, na nusu yake ni kutafuta soksi. Nitakuwa mama wa kumwona mwanangu amelala, aliwaza, na machozi yakamlenga.

Akatae basi? Aende wapi? Mji mzima ulikuwa na karakana mbili za meno, na ile ya pili ni ya shemeji yake Bosi. Mama yake mzazi alikuwa mbali, anamuuguza baba. Jirani yake, Mama Pacha, alikuwa tayari kumkalisha mtoto jioni. "Alete madaftari yake, ale, aoge, hiyo si kazi," alisema. "Ila kumfuata shule siwezi, shoga. Saa tisa mapacha wangu wamelala, niwaamshe nikose akili?" Na shule ilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa. Mtoto hatoki pale mpaka achukuliwe na mtu aliyeandikwa kwenye daftari la getini, na katika daftari lile, mbele ya jina la Kasuku, palikuwa na mtu mmoja tu. Dhiki yote ya Mama Meno ilikuwa hiyo: nani atasimama getini saa tisa?

Akampigia Fundi. Akamweleza yote, pumzi moja.

"Uamuzi ni wako, mpenzi," Fundi akasema.

"Najua ni wangu. Nakuuliza wewe unaonaje."

"Wewe ndiye mama yake. Siwezi kukuamulia."

"Sijasema uniamulie! Nimesema unaonaje!"

"Nitakuwa nawe kwa lolote utakaloamua."

Jumanne akajaribu tena, akapewa maneno yale yale, mpaka akahisi anaongea na ile mashine ya benki inayosema bonyeza moja. "Haya, ahsante, jirani mwema," akasema, akakata simu.

Sasa tusimwonee Fundi. Kazi yake ina sheria moja iliyo juu ya zote. Kabla ya kuingia kwenye shimo la lifti, fundi anazima umeme, anatia kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, na ufunguo anautia mfukoni. Kufuli hilo halifunguliwi na mwingine. Hata mkurugenzi aje na suti yake, atasubiri. Rafiki yake Fundi alipoteza vidole vitatu kwa sababu mtu mmoja mwema alimfungulia kufuli akidhani anamsaidia. Kwa hiyo Fundi aliishi hivyo miaka kumi: jambo la mtu, ufunguo ni wa mtu. Na sheria hiyo akaileta mpaka kwenye mapenzi, maskini, wala hakuna aliyemwambia kwamba mapenzi si swichi ya umeme.

Jumatano mwalimu wa getini akamwita Mama Meno pembeni.

"Mama Kasuku, jana mchana alikuja baba mmoja mwenye ovaroli. Anataka aandikwe kwenye daftari amchukue mtoto. Nikamkatalia. Unamjua?"

Mama Meno akahisi masikio yanawaka moto. Kumbe! Kwake yeye anajifanya hawezi kumwamulia, huku nyuma anampangia! Ameshaamua kwamba zamu itakubaliwa, kilichobaki ni kumwarifu! "Namjua," akasema. "Umefanya vizuri kumkatalia." Akamshika mtoto mkono wakaondoka, na hatua zake zilikuwa ndefu mpaka Kasuku akawa anakimbia.

Fundi akapiga simu jioni ile mara nne, asipokelewe. Alhamisi mara saba.

"Mama, Fundi amekufa?" Kasuku akauliza mezani.

"Hajafa. Kula."

"Mbona hapigi simu?"

Simu ilikuwa inatetemeka juu ya meza, imegeuzwa kifudifudi. Mama mtu akaifunika kwa kitambaa.

"Jino langu linacheza. Ona." Kasuku akalisukuma kwa ulimi. "Likitoka utanitengenezea jingine?"

"La kwako litaota lenyewe."

"Lakini utakuwepo likitoka? Nataka ulione likiwa na damu."

Mama Meno akainuka, akaenda kuosha sufuria lililokuwa safi.

Ijumaa saa tano alikuwa anarudi kutoka kupeleka meno zahanati, kavaa koti lake jeupe juu ya gauni la kijani, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Chini ya jengo akakuta kibao chekundu mlangoni: USIWASHE. FUNDI YUMO NDANI. Na kwenye kisanduku cha swichi, kufuli alilolijua, lenye utepe wa buluu. Akasonya. Akaanza kupanda ngazi.

Ghorofa ya sita mlango wa lifti ulikuwa wazi nusu, umezibwa na fito mbili. Ndani, juu ya paa la lifti, alikuwa Fundi na taa kwenye paji la uso, bisibisi mkononi. Walitazamana. Angeweza kupita. Lakini ghorofa sita ni sita, na pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Mama Meno. Tafadhali."

"Ulikwenda shuleni kwa mwanangu."

"Nilikwenda."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Nilikwenda kuuliza kama inawezekana. Niliomba kazini wanibadilishie zamu, niingie saa kumi na mbili asubuhi, nitoke saa nane. Wamekubali jana. Sikutaka kukuahidi kitu kabla sijajua nakiweza."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungeona nakusukuma uikubali kazi. Kufuli la mtu..."

"Toka hapa na kufuli lako!" Akashika fito. "Kufuli langu sikutaka ulifungue. Lakini hata hodi, baba? Siku ile tumekwama hukukaa kimya juu huko ukasema uamuzi ni wenu. Uliuliza mko wangapi. Siku tano nimekwama, Fundi. Mbele ukuta, nyuma ukuta, na wewe uko juu yangu kimya kama hukunisikia!"

Fundi akazima taa ya kichwani. Uso wake ulikuwa umemshuka.

"Nimekosa," akasema. "Niliogopa kukuumiza, nikakuumiza. Nisamehe."

Mama Meno akaegemea ukuta, pumzi zikimrudia.

"Ile fomu ya shule," Fundi akaendelea taratibu, "ina sehemu imeandikwa uhusiano na mtoto. Mwalimu akaniuliza, wewe ni nani wake? Nikashika kalamu weee. Sikuwa na cha kuandika."

"Ungeandika rafiki."

"Marafiki hawaruhusiwi. Niliuliza."

Kicheko kikamtoka Mama Meno bila kutaka, akakimeza upesi.

"Nataka niwe na cha kuandika," Fundi akasema. "Nikuoe."

"Unanioa mimi au unaoa ratiba?"

"Wewe. Tangu siku uliyonipa boksi kabla ya mkono wako. Ningelisema mwakani, kwa uoga wangu. Ratiba imenifanya niseme leo."

Mahali fulani juu yao watu walikuwa wanalalamikia lifti. Mama Meno akajifuta macho kwa mkono wa koti, unga mweupe wa plasta ya karakanani ukabaki shavuni.

"Mko wangapi humo?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Wawili," akasema. "Wawili, na jino moja linacheza."

"Ngoja basi. Nakuja."

"Sijasema ndiyo. Usije ukaanza kujitangaza."

"Sijasikia ukisema hapana."

"Maliza kazi yako, watu wanapanda ngazi!" Akaondoka, na ghorofa tatu zilizobaki alizipanda akilia na kucheka.

Saa sita kasoro robo alikuwa mbele ya Bosi.

"Nakubali. Sina pengine pa kwenda, na wewe unajua hivyo."

"Najua," Bosi akasema, wala si kwa ubaya.

"Lakini saa tisa simu yangu itakuwa mezani. Dakika tano."

Simu zilikatazwa karakanani. Ziliachwa kwenye kikapu mlangoni kwa sababu ya vumbi la plasta. Bosi akamtazama juu ya miwani.

"Dakika tano," akasema.

Saa tisa ile walikwenda getini wawili. Mwalimu akatoa fomu, na Mama Meno akachukua kalamu kabla Fundi hajaigusa. Mbele ya uhusiano na mtoto akaandika: mchumba wa mama. Fundi akasoma, akasoma tena, akageuka akatazama ukuta, anajifanya anasafisha pua.

"Sasa ndiyo nimesema," Mama Meno akamwambia.

Jumatatu alianza zamu saa saba. Vipimo vikaja trei kwa trei, wafanyakazi wanne wanamwita kila upande, na alikuwa anazijua kazi zote hizo, mikono yake haikukosea hata mara moja. Macho ndiyo yaliyokosea, kila mara yalikwenda kwenye saa ya ukutani. Saa tisa na dakika nne simu ikaita. Mikono ilikuwa imejaa plasta mbichi, akabonyeza kwa kiwiko.

"Mama! Jino limetoka! Hapa hapa getini! Damu nyingi! Fundi amelifunga kwenye leso yake!"

Kwa nyuma Fundi akasema, "Damu kidogo tu, usiogope."

Mama Meno akasimama katikati ya meno ya watu wengine. Meno mia na ushee mezani pale, yote ameyatengeneza yeye, na lile moja alilotaka kuliona limetoka bila yeye. Alifurahi kwa ajili ya mtoto na akaumia papo hapo, na hakuwa na hata kidole kisafi cha kufutia machozi.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Hongera sana."

"Ukirudi nitakuwa nimelala?"

"Utakuwa umelala."

Kasuku akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Magari yakasikika yakipita kwenye barabara kubwa.

"Basi uniamshe," akasema. "Hata kama nimelala sana, mama. Unitikise."

"Nitakuamsha."

"Kila siku?"

Kijana wa trei alikuwa anasubiri, na dakika tano zilikuwa zimekwisha.

"Kila siku," akasema mama yake.