Pumzi ya Eugene

Likizo ile kazi ya Ayuma baada ya chakula cha mchana ilikuwa moja: kumshika mdogo wake Eugene wakati mama yao, Nafula, ameenda kisimani. Eugene alikuwa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Alilazwa wodini wiki sita. Siku ya kurudi nyumbani Navakholo, Sista Alice, muuguzi wa kituo cha afya, alimwonya Nafula mbele ya Ayuma. "Mapafu yake bado machanga. Joto lake ni kifua cha mtu, si moto. Moshi usimkaribie kabisa."

Ayuma aliyasikia maneno hayo vizuri. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri moja, mvua ilipoanuka, jirani yake Shantel alimwita uani wakacheze kati, mchezo wa kukwepa mpira. Nani atacheza kati na mtoto kifuani? Ayuma akakumbuka desturi ya kijiji: mzazi na mtoto mchanga huota moto, nyumba imefungwa. Akajaza magunzi ya mahindi kwenye karai, akayawasha, akaliweka kando ya kitanda na kufunga dirisha.

"Dakika tano tu," alijiambia. Thubutu! Mchezo haujui dakika.

Aliporudi, chumba kilikuwa kimejaa moshi, kwa maana magunzi yalikuwa na unyevu. Eugene hakulia, na hilo ndilo lililomtia Ayuma hofu. Pua zilimtanuka, ngozi ilibonyea katikati ya mbavu, na kila pumzi ilitoka na mguno mdogo. Ayuma alilitupa karai migombani, akafungua dirisha, akapepea kwa leso hadi moshi ukaisha.

Mama alitua mtungi mlangoni. "Wee Ayuma, mtoto amekuwa nini?"

"Sijui, mama. Ni baridi tu."

Walipanda bodaboda hadi kituo cha afya. Njia nzima Ayuma alisikia ule mguno, na kila uliposita kidogo, moyo wake nao ulisita.

Sista Alice alimfunga Eugene kifaa cha kupimia oksijeni mguuni. Namba zilikuwa nzuri. Akakunja uso.

"Namba zinasema yuko sawa, kifua kinasema hapana. Mmewasha moto karibu naye?"

"Hapana, Sista," mama alijibu kwa moyo mweupe.

Sista akageuka kuandaa sindano ya nimonia. Mguno wa Eugene ulikuwa umefifia mno. Ayuma aliona midomo ya mtoto ikibadilika rangi.

"Sista, ni mimi! Nimewasha magunzi ndani ya nyumba. Nimemdanganya mama."

Sista aliiacha sindano, akakimbilia mtungi wa oksijeni. "Moshi hudanganya hata kifaa hiki! Sumu yake ikishika damu, chenyewe hudhani ni oksijeni."

Eugene alikaa siku tatu na mrija puani. Siku ya nne alinyonya hadi akasinzia, na mama, ambaye hakuwa amesema na Ayuma tangu siku ile, akamvuta na kumkumbatia. Wote wawili walilia.

Sista Alice akawaketisha. "Pakiti tupu ya maziwa ikilowa ndani, kuta zake hugandana. Vifuko vya hewa mapafuni navyo vimelowa hivyo. Ila vina utando mwembamba wa mafuta na protini, unaofanya kazi kama tone la sabuni, visigandane. Baadhi ya protini hizo pia hukamata vijidudu. Mtoto njiti huzaliwa na utando haba, na moshi huuharibu hata huo kidogo."

"Nisamehe, Sista," Ayuma alisema.

"Kuwasha moto lilikuwa kosa, mwanangu, na kosa likisemwa mapema hutibika. Lakini wewe uliukalia ukweli nusu saa nzima. Kwa mapafu kama ya Eugene, nusu saa ingetosha kumzika."