Marahaba ya Raheli

Haya, sogezeni miguu motoni. Na wewe unayechungulia dirishani, acha, njoo hapa katikati ya wenzio.

Kulikuwa na mwanamke huko juu Mgwashi, anaitwa Raheli. Ni miaka ile ya Ujamaa, ngoma inapigwa asubuhi, wote mnakwenda shamba la kijiji. Raheli aliolewa na Sefania, mgane, mkewe wa kwanza alikufa kwa homa. Jenoveva, jina lake. Mzuri, mpole, na akafa kijana, kwa hiyo hakupata hata nafasi ya kuzeeka akachukiza watu.

Alizikwa makaburi ya zamani ya misheni. Pale hakuna aliyelima, hakuna aliyeokota hata ukuni. Milima mingine yote tulishaifyeka tukapanda mahindi na chai, basi viumbe vya msituni vikahamia kwa wafu. Mbega wenye mikia myeupe. Hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa. Vinyonga wenye pembe puani. Nyuki wamejaa ndani ya mti wa mkulo, unasikia mti mzima unavuma. Na kaburi la Jenoveva ndilo lilipendwa. Maua ya zambarau yameota yenyewe kwenye mawe, vipepeo juu yake kama nguo imeanikwa.

Kila jioni Sefania akitoka shamba anapitia huko. Anakaa. Anasikiliza ndege. Akirudi ugali umepoa, na yeye anatabasamu peke yake.

Raheli alitaka kitu kimoja tu duniani, mume wake akae nyumbani jioni. Basi.

Na lilikuwepo lile la siku ya harusi. Sefania alimpeleka makaburini na gauni lake, akamwambia, "Msalimie mkubwa wako." Raheli akapiga goti kwenye umande. "Shikamoo, dada." Kaburi litasema nini? Sefania mwenyewe akaitika kwa niaba, "Marahaba." Lile neno lilimkaa Raheli kooni kama mwiba wa samaki. Kumwamkia marehemu. Kuwa mdogo wa mtu ambaye hata kuni hachanji.

Siku hiyo ninayowaambia, Sefania alijikata mguu kwa jembe, akashinda kitandani na mtoto wao mchanga, Silvano. Jioni inaingia, ukungu unapanda kutoka bondeni, Raheli anachukua mundu na kamba akamkatie ng'ombe majani. Anasikia mumewe anasema, taratibu, kama anaongea na ukuta:

"Leo Jenoveva atakaa peke yake."

Raheli akatupia kamba begani. Alitoka.

Njiani akakutana na jirani yake Zainabu anaingiza kuku wake uani. Zainabu alikuwa na mdomo, huyo.

"Majani yapo huku chini, mama Silvano. Huko juu unakwenda kwa bibi mkubwa?"

"Nakwenda kumfagilia."

"Mfagilie. Mwenzio kila siku ana wageni, mpaka nyani wanakuja kumjulia hali. Wewe kwako hata kunguru hatui."

Wakacheka wote wawili. Lakini Raheli alicheka kwa meno tu.

Alipofika makaburini bado kuna mwanga kidogo. Hakukata majani ya ng'ombe. Alikwenda moja kwa moja kwa Jenoveva akaanza kufyeka. Maua. Matawi. Mizizi inayofunika mawe. Alifyeka na kusema chini chini, "Tuone sasa atakaa wapi. Tuone atasikiliza nini."

Mundu ukagonga shina la mkulo. Harufu ikatoka, kali, ile ya dawa ya kifua.

Mbega wakanyamaza.

Hondohondo wakaruka, mabawa yao yanapiga kelele kama mtu anakung'uta mkeka. Wakaenda.

Halafu nyuki... Mti ukaacha kuvuma. Wajukuu zangu, nyuki hawanyamazi wote kwa pamoja. Mmoja mmoja, sawa. Wote, hapana.

Kaburi likabaki uchi, udongo mwekundu mtupu. Raheli akasimama anahema, jasho linamtiririka, na moyo wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Nyuma yake, kwenye ukungu, sauti ya mwanamke. Ndogo. Ya heshima.

"Shikamoo, dada."

Raheli hakugeuka. Mnajua alihisi nini? Si woga. Alihisi raha. Ameitwa mkubwa. Mahali palepale alipopigishwa goti, leo yeye ndiye anaamkiwa. Neno likatoka kabla hajalipima.

"Marahaba."



Kisha akasikia miguu peku inateremka njia ya kijijini, haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Alipogeuka hapakuwa na mtu. Mundu haupo. Kamba haipo. Na baridi ya ukungu... hakuisikia tena.

Akakimbia nyumbani. Alikimbia na hakuhema, na mbwa wa Zainabu hakubweka.

Taa ya chemli imewashwa. Ndani Sefania anacheka.

"Raheli, mtoto amelala?"

"Amelala, baba Silvano."

Ilikuwa sauti yake. Sauti ya Raheli, inatoka ndani, na Raheli yuko nje mlangoni.

"Hodi," akasema. "Hodi, Sefania. Ni mimi."

Mlango ukafunguliwa. Sefania kasimama kwa mguu mmoja, anaangalia moja kwa moja usoni kwake, anaona ukungu.

"Hakuna mtu," akasema. "Harufu ya mkulo tu."

Nyuma yake jikoni mwanamke amejifunga kanga ya Raheli, mtoto yuko mgongoni. Yule alimwona. Akapiga goti kidogo, kama mdogo anavyompigia mkubwa wake, akasema kwa kunong'ona:

"Umeshaitika, dada. Mkubwa hulala kule makaburini." Halafu kwa sauti, "Funga mlango, baridi inamwingia mtoto."

Mlango ukafungwa.

Kilichoingia nyumba ile ni nini, mimi siwezi kuapa. Mchungaji alisema Raheli alishikwa na homa ya baridi, akapona, akatulia. Watoto wengine alizaa. Zainabu yeye alisema jambo dogo tu, kwamba mama Silvano siku hizi anawauliza watu habari za wazee waliokufa kabla yeye hajaolewa kijijini, na anawaita kwa majina yao ya utotoni.

Makaburini ndege hawakurudi. Sefania naye hakwenda tena. Jioni anakaa kwake anaota moto, ugali wa moto mbele yake.

Ila ukungu ukipanda, mara nyingine anainua kichwa. Kuna mtu anapiga hodi huko nje, kwa sauti anayoifahamu. Anashika mkongojo, anataka kuinuka.

Mkewe anamwekea mtoto mapajani.

"Kula, baba Silvano," anamwambia. "Hakuna mtu."